Chelezo, Chambo na Besi wa Milia

Uvuvi wa besi wa milia kwa chambo hai kinachoning'inia chini ya chelezo ni rahisi kuueleza lakini ni mgumu kuuandikia historia. Chelezo, yaani kitu chepesi cha gome la mti, cha ubao au cha plastiki kinachoelea na kuubeba mshipi, hukizuia chambo kisizame kupita kina alichokitaka mvuvi, nacho chambo, ambacho kwa kawaida ni samaki mdogo aliye hai, huachiwa kazi ya kuhangaika majini mpaka mkubwa wake amwone. Kwa kuwa mbinu hii haikudai vifaa vya gharama wala uanachama wa klabu yoyote, waandishi wa Marekani wa karne ya 19 waliigusa kwa haraka ili wafike kwenye habari za matajiri na fito zao za kuvulia, na wengi waliokuja baada yao wameurithi upendeleo huo. Hata hivyo, anayezifuatilia sheria, uhamisho na magomvi yaliyomzunguka samaki huyu kwa karibu miaka 400 atakuta kwamba mara nyingi kilichoamua mambo ni chambo kuliko besi mwenyewe: kilipatikana katika maji gani, kilikuwa mikononi mwa nani, na wavuvi walifanya nini kilipoadimika.

Besi wa milia, ambaye wanasayansi humwita Morone saxatilis, ni samaki wa rangi ya fedha mwenye mistari myeusi saba au minane inayokwenda sambamba kutoka kichwani hadi mkiani. Asili yake ni pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini, kuanzia mto St. Lawrence huko Kanada hadi Florida, pamoja na sehemu ya Ghuba ya Meksiko. Hukulia katika maji ya chumvi, lakini majira ya baridi yakiisha hupanda mito na kutaga katika maji yasiyo na chumvi, hasa katika mito inayoingia Ghuba ya Chesapeake, katika mto Hudson na katika mto Delaware. Mayai yake hayagandi kwenye majani wala kutulia kwenye changarawe, bali huelea katikati ya maji na kubebwa na mkondo kwa muda wa siku mbili hivi mpaka yaanguliwe, na yakikosa mkondo wa kuyabeba huzama na kufa. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa maana ndilo litakaloeleza baadaye kwa nini samaki huyu alistawi mahali pamoja na kushindwa pengine.

Walowezi wa Kiingereza waliofika New England mwanzoni mwa karne ya 17 waliwakuta wenyeji wakivua besi kwa nyavu, kwa mikuki na kwa nyua za fito zilizosimikwa kwenye vijito, ambazo ziliwaacha samaki ndani maji yalipokupwa. Walijifunza pia kwa Wawampanoag kuzika samaki kwenye matuta ya mahindi ili kuipa ardhi rutuba. Mwaka 1639 baraza la kutunga sheria la koloni la Massachusetts Bay lilikataza besi na chewa wa Atlantiki kutumiwa kama mbolea, na amri hiyo huhesabiwa miongoni mwa sheria za kwanza kabisa za kuhifadhi samaki katika makoloni hayo. Mwaka 1670 koloni jirani la Plymouth liliamua kwamba mapato ya uvuvi wa besi, vibua na heringi huko Cape Cod yagharimie shule isiyolipisha ada. Kinachostahili kuangaliwa katika amri ya 1639 ni kile isichokitaja: heringi wa mtoni, samaki mdogo ambaye kila mwaka hupanda vijito kwa makundi makubwa na ambaye besi humfuata nyuma kama chakula chake, aliendelea kuzikwa mashambani. Baadaye mabwawa ya vinu vya maji yalikata njia za heringi huyo katika vijito vingi vya New England. Koloni lilikuwa limemkinga mlaji na kukiacha chakula chake bila mlinzi, na kasoro hiyo ilichukua zaidi ya miaka 350 kusahihishwa.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 uvuvi wa besi uligawanyika kitabaka kwa namna ambayo ni nadra kuonekana waziwazi hivyo. Matajiri wa New York na Boston waliunda klabu kwenye visiwa vya Massachusetts na Rhode Island, na iliyojulikana zaidi ilikuwa klabu ya kisiwa cha Cuttyhunk, iliyoanzishwa mwaka 1864. Wanachama wake walijengewa vijukwaa vyembamba vilivyotoka ufukweni na kupita juu ya miamba mpaka penye mawimbi, na kila mwanachama alikuwa na msaidizi wa kulipwa ambaye kazi yake ilikuwa kukatakata samaki wa mafuta aitwaye menhadeni, au kambakoche, na kutupa vipande hivyo majini ili kuwakusanya besi. Mvuvi mwenyewe alirusha chambo kilichokufa, mara nyingi mkia wa kambakoche, kwa ufito mfupi na mshipi wa kitani uliosokotwa kwa ustadi mkubwa, ambao ulikuja kuuzwa nchi nzima kwa jina la kisiwa hicho. Kambakoche ambaye leo huuzwa kwa bei ya juu alikuwa hapo chambo cha kutupwa, na hilo peke yake linatosha kuonyesha jinsi thamani ya viumbe wa bahari inavyogeuka. Mwanzoni mwa karne ya 20 besi walikuwa wamepungua mno katika miamba hiyo, na klabu zikafungwa moja baada ya nyingine.

Wakati huohuo, katika maji yaliyouzunguka mji wa New York, kwenye mto Harlem, chini ya madaraja na kandokando ya magati, watu wa kawaida waliwavua besi wa saizi ndogo kwa uduvi hai na chelezo. Chelezo chenyewe hakikuwa uvumbuzi wa Marekani: kijitabu cha Kiingereza kuhusu uvuvi wa ndoana kilichochapwa mwaka 1496 kilikwisha kueleza namna ya kukitengeneza kwa gome la mti wa koki, na kitabu mashuhuri cha Izaak Walton cha mwaka 1653 kinazungumzia kwa kirefu chambo hai cha kumvulia samaki mla wenzake wa mito ya Uingereza. Kilichokuwa kipya ni matumizi yake katika milango ya mito ambamo maji hubadili mwelekeo kwa kupwa na kujaa. Mto wa Kiingereza huenda upande mmoja tu, na mvuvi hukiacha chelezo kishuke nao. Katika mlango wa mto wa Atlantiki mvuvi hana budi kujua saa ambayo maji yatageuka, kwa maana besi husimama nyuma ya nguzo au mwamba akisubiri mkondo umletee chakula, na chelezo kinacholetwa upande usio sahihi hakina faida yoyote. Elimu hiyo ya maji haikuandikwa sana, kwa kuwa waliokuwa nayo hawakuwa waandishi.

Sura kubwa zaidi ya historia hii ilifunguliwa upande wa pili wa bara. Serikali ya Marekani iliunda Tume ya Samaki mwaka 1871 chini ya mwanasayansi Spencer Baird, na mwaka uliofuata tume hiyo ilimtuma Livingston Stone, aliyekuwa mchungaji wa kanisa kabla ya kugeukia ufugaji wa samaki, kwenda California kuanzisha kituo cha kuzalisha salmoni. Enzi hiyo iliamini kwamba mito ya nchi ingeweza kupangwa upya kwa kuhamisha samaki, na reli iliyokamilika mwaka 1869 iliwapa wenye imani hiyo chombo cha kufanyia kazi. Jaribio la mwaka 1873 liliishia vibaya: daraja la mto Elkhorn huko Nebraska lilivunjika, na behewa la Stone lililojaa samaki wa aina nyingi kutoka mashariki likatumbukia mtoni. Mwaka 1879 Stone alifaulu. Alichukua besi wadogo kutoka mto Navesink katika jimbo la New Jersey, akawavusha bara zima kwa treni, na 132 kati yao wakaachiliwa karibu na Martinez, penye mlango unaounganisha mito ya Sacramento na San Joaquin na Ghuba ya San Francisco. Kwa kuhofia kwamba idadi hiyo ni ndogo mno, mwaka 1882 wengine wapatao 300 waliongezwa katika Ghuba ya Suisun, jirani na hapo.

Matokeo yaliwashangaza hata walioyataka. Mwaka 1889, miaka kumi tu baada ya kundi la kwanza, besi wa milia waliuzwa katika masoko ya San Francisco, na mwaka 1899 wavuvi wa nyavu walivua zaidi ya tani 550. Sababu ilikuwa katika mayai yaliyoelezwa hapo juu: mito miwili mirefu yenye mkondo wa kutosha, iliyokutana katika eneo kubwa la maji ya mchanganyiko wa chumvi na yasiyo na chumvi, iliyafaa mayai hayo karibu kama ilivyokuwa Chesapeake. Msomaji wa Kanda ya Ziwa hatakosa kumkumbuka sangara, aliyeingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na ya mapema ya 1960, akastawi kwa namna hiyohiyo na kuwafanya furu wa aina nyingi watoweke. Tofauti ni kwamba lawama juu ya sangara zilianza ndani ya kizazi kimoja, ilhali besi wa California aliishi karibu karne nzima akihesabiwa kuwa zawadi.

Mwaka 1935 California ilipiga marufuku uvuvi wote wa biashara wa besi wa milia, na tangu hapo samaki huyu akabaki kuwa wa mvuvi wa burudani peke yake. Amri hiyo iliyowaondoa wenye nyavu ndiyo iliyokipa chelezo nafasi yake katika eneo ambalo mito ya Sacramento na San Joaquin hukutana, eneo la visiwa vingi vilivyozungushiwa kingo za udongo. Kingo hizo zilianza kujengwa katika miaka ya 1850, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na vibarua wa Kichina waliozichimba kwa majembe na mikokoteni, ili vinamasi vigeuke mashamba. Ardhi yake, ambayo ni mboji ya majani yaliyooza kwa maelfu ya miaka, ilinywea baada ya kukaushwa, hata visiwa vingi leo viko chini ya usawa wa bahari. Kwa mvuvi matokeo ya kazi hiyo ni mifereji mirefu yenye kingo za mawe, ambamo maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na ambamo besi huzunguka karibu na mawe hayo wakiwinda.

Mbinu iliyokomaa huko ni ya chelezo kinachoteleza. Chelezo cha kawaida hufungwa mahali pamoja kwenye mshipi, kwa hiyo mvuvi anayetaka kina cha mita nne hawezi kurusha, kwa sababu mita nne za mshipi zingening'inia kutoka ncha ya ufito wake. Chelezo kinachoteleza kina tundu katikati. Mshipi hupita ndani yake bila kushikwa, na juu yake hufungwa fundo dogo la uzi ambalo laweza kupenya katika pete za ufito, kisha hutangulizwa shanga ili fundo lisiingie katika tundu. Wakati wa kurusha chelezo hukaa chini karibu na chubwi, nacho kikishatua majini, chubwi huuvuta mshipi mpaka shanga igonge fundo, na hapo chambo husimama katika kina kilekile kilichopimwa. Kwa hila hii ndogo, ambayo gharama yake ni uzi na shanga, mvuvi aliyesimama kwenye ukingo alipata uwezo uliokuwa wa mwenye mashua, yaani kukipitisha chambo hai katika kina cha besi umbali mrefu kwa kufuata mkondo, bila kunasa kwenye mawe ya chini.

Chambo chenyewe kina nasaba ya kushangaza. Gobi wa matope, samaki mfupi mwenye taya ndefu anayevumilia maji machafu na hata kukaa muda nje ya maji akiwa na unyevu, ni mwenyeji wa pwani ya California, na ugumu huo wa maisha ulimfanya awe kipenzi cha maduka ya chambo. Gobi mwingine, mwenye mapezi ya manjano, ni wa Asia ya Mashariki, naye aligunduliwa katika mto San Joaquin mwaka 1963, baada ya kufika, kwa maelezo yanayokubalika zaidi, pamoja na meli za mizigo. Shadi mdogo mwenye unywele mrefu kwenye pezi la mgongoni aliletwa na serikali kutoka Tennessee mwaka 1953 ili awe chakula cha samaki wa mabwawa, kisha akashuka mitoni. Hivyo ndivyo ilivyowezekana kwa samaki wa Atlantiki kunaswa katika mto wa Pasifiki, kando ya ukingo uliojengwa na Wachina, kwa chambo kilichotoka Asia ya Mashariki au Tennessee.

Enzi hiyo haikudumu. Mitambo mikubwa ya kusukuma maji kuelekea mashamba na miji ya kusini ilianza kazi mwaka 1951, na mingine ikaongezwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Mayai na vifaranga vinavyoelea, ambavyo asili iliviweka katika mikono ya mkondo, vilivutwa pamoja na maji. Idadi ya besi ilishuka sana kuanzia miaka ya 1970. Kisha, mwaka 2008, watumiaji wa maji ya kilimo waliishitaki serikali ya jimbo kwa hoja kwamba kanuni za kumlinda besi zilikuwa zikiwaangamiza salmoni wa asili ambao yeye huwala wakiwa wadogo, na mwaka 2012 tume ya jimbo ya samaki na wanyamapori ilikataa pendekezo la kulegeza kanuni hizo. Ni vigumu kutoona kejeli katika shauri hilo, kwa kuwa wanaoyahitaji maji ya mto walimshitaki samaki kwa uhaba ambao wao wenyewe walikuwa washirika wake wakubwa, ingawa haiwezi kukanwa kwamba besi hula salmoni.

Katika majimbo ya kusini historia ilichukua njia nyingine, inayoweza kuelezwa kwa ufupi. Mabwawa ya Santee na Cooper yalipozuia maji huko South Carolina mwaka 1941, besi kadhaa walinaswa upande wa juu, na badala ya kufa wakazaana, kwa kuwa mito iliyoingia katika maziwa hayo ilikuwa mirefu ya kutosha kuyabeba mayai yao. Maziwa mengi ya kutengenezwa hayana mito ya namna hiyo. Ndiyo maana kazi ya Robert Stevens, mtaalamu aliyefaulu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuwatagisha besi kwa kuwadunga homoni katika kituo cha Moncks Corner, iliwezesha samaki huyu kupandikizwa mwaka hadi mwaka katika maziwa ya Tennessee, Georgia, Texas na kwingineko, mara nyingi kwa lengo la kupunguza shadi waliojaa kupita kiasi. Wavuvi wa maziwa hayo walijifunza kwamba shadi na heringi hawawezi kukaa hai katika tangi la pembe nne, kwa sababu huogelea bila kukoma na kugonga pua zao pembeni, na hivyo wakaingia katika ufundi wa matangi ya duara, pampu za hewa na chumvi ya kuwatuliza. Ndoo zao pia zilimsambaza heringi wa mgongo wa buluu katika maziwa asikotakiwa, na baadhi ya majimbo yakalazimika kuzuia watu kuwa naye.

Pwani ya asili, kwa upande wake, ilikaribia kumpoteza besi. Mavuno ya biashara, ambayo mwaka 1973 yalikaribia tani 6,700, yalishuka hadi tani 1,600 hivi ifikapo mwaka 1983, kutokana na uvuvi uliopita kiasi na miaka mingi ya uzazi hafifu katika Ghuba ya Chesapeake. Bunge la Marekani lilipitisha sheria maalumu mwaka 1984, iliyoipa nguvu tume ya uvuvi ya majimbo ya pwani ya Atlantiki kuyabana majimbo yasiyofuata mpango wa pamoja, na jimbo la Maryland likafunga kabisa uvuvi wa besi kuanzia 1985 hadi 1990. Mwaka 1995 ilitangazwa kwamba samaki hao wamerejea katika hali njema, tangazo lililosifiwa sana na ambalo halikusalia kuwa kweli kwa muda mrefu kama lilivyotarajiwa, kwani tathmini iliyotolewa mwaka 2019 iliwaweka tena katika kundi la samaki waliovuliwa kupita kiasi.

Katika kipindi hichohicho kasoro ya mwaka 1639 ilifikia mwisho wake. Heringi wa mtoni alikuwa chambo cha fahari cha majira ya kuchipua huko New England: mvuvi alimchota kijitoni alfajiri, akamweka hai katika tangi, na kumshusha chini ya chelezo au hata puto la mpira lililofungwa kwenye mshipi, mahali ambapo besi wakubwa walikuwa wakilifuata kundi lake. Connecticut ilipiga marufuku kumchukua mwaka 2002, Massachusetts na Rhode Island zikafuata mwaka 2006, na ifikapo 2012 marufuku ilikuwa imeenea karibu pwani nzima isipokuwa katika mito iliyothibitishwa kuwa na heringi wa kutosha. Wavuvi waligeukia menhadeni, vibua na mkunga, na mkunga hakuwa mgeni wa kazi hiyo, kwani kwa mkunga Charles Church alivua mwaka 1913, karibu na Cuttyhunk, besi wa kilo 33 aliyeshika rekodi kwa karibu miaka 70, na kwa mkunga hai alivuliwa mwaka 2011, katika mlangobahari wa Long Island, besi wa kilo 37 anayeshika rekodi ya sasa.

Badiliko la mwisho limeigusa ndoana yenyewe. Samaki anayemeza chambo hai hukimeza kwa ndani, na ndoana yenye umbo la kawaida humchoma koo au tumbo, hata akirudishwa majini mara nyingi hufa. Nao besi wanaorudishwa ni wengi kuliko wanaochukuliwa. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2021 majimbo ya pwani ya Atlantiki yanawataka wavuvi wa burudani wa besi watumie ndoana ya duara wanapovua kwa chambo cha asili. Ncha ya ndoana hii imegeuzwa kuelekea shina lake, umbo ambalo watu wa visiwa vya Pasifiki walilitumia kwa mifupa na kombe karne nyingi kabla ya chuma, nayo kwa kawaida haichomi kitu ndani ya koo bali huteleza hadi kwenye pembe ya mdomo na kushika hapo mshipi unapokazwa polepole. Mvuvi wa chelezo aliyezoea kuvuta kwa nguvu mara chelezo kinapozama sasa huing'oa ndoana mdomoni mwa samaki, na amelazimika kujizoeza kusubiri huku akikunja mshipi taratibu. California haimo katika mpango wa Atlantiki, na kwenye kingo za Sacramento na San Joaquin chelezo kikizama mvuvi angali huru kuvuta kama walivyovuta waliomtangulia.